Skenes asiuzwe, Pittsburgh watafute wapigaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie timu ya besiboli ya Pittsburgh Pirates, timu ya mji ninaoishi, ambayo mwezi huu wa Novemba 2025 imetoa mshindi wa tuzo ya Cy Young, yaani mrushaji bora wa mwaka katika National League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu ya Marekani, ilhali yenyewe imemaliza msimu ikiwa imeshinda michezo 71 na kupoteza 91. Mshindi huyo ni Paul Skenes, kijana wa miaka 23, na wapiga kura wote 30 walimweka nafasi ya kwanza. Hata pongezi hazijaisha, zimeanza tena zile sauti zinazotaka abadilishwe kwa kundi la wachezaji chipukizi, kwa hoja kwamba timu inayoshika mkia haina kazi na mrushaji wa kiwango hicho. Naipinga hoja hiyo kwa nguvu zangu zote, na ningependa wasomaji wako, hasa wanaolea watoto hapa Marekani na kuuona mchezo huu kila siku bila kuambiwa hesabu zake, wajue sababu zangu.

Skenes aliruhusu wastani wa pointi 1.97 kwa kila zamu 9 alizorusha, yaani mchezo mmoja kamili, wastani ambao hakuna mrushaji mwingine wa kuanza mchezo aliyeufikia mwaka huu, na akawatoa wapigaji 216 kwa straiki, yaani kwa mipira waliyoshindwa kuipiga. Pamoja na hayo, kumbukumbu yake inaonyesha ushindi 10 na vipigo 10. Mtu asiyeujua mchezo angedhani ni mrushaji wa kawaida tu. Kilichomponza ni kwamba Pirates walipata pointi 583 katika msimu mzima, chache kuliko timu nyingine yoyote kati ya zote 30, na homurani zao, ile mipira inayopigwa ikavuka uzio, zilikuwa 117, nazo pia chache kuliko za wote.

Tarehe 18 Mei nilikaa na mwanangu mbele ya televisheni, yeye akiwa na daftari lake la matokeo juu ya goti, Pirates wakicheza ugenini Philadelphia. Skenes alirusha peke yake zamu zote 8 ambazo wenyeji walipiga, Phillies wakafanikiwa kumpiga mara 3 tu, akawatoa 9 kwa straiki na kuruhusu pointi moja. Tulifungwa 1-0. Katika mstari wa wageni, mwanangu alikuwa ameandika sifuri 9 mfululizo, moja baada ya nyingine, kwa kalamu ya risasi aliyoikandamiza mpaka karatasi ikaanza kutoboka. Akaniuliza, "Baba, alitakiwa afanye nini tena?" Sikuwa na jibu la kumpa, na hata leo sina.

Sisemi kwamba kubadilishana wachezaji ni kosa. Januari 2018 timu ilimpeleka Andrew McCutchen, kipenzi cha mji mzima, San Francisco, na wengi wetu tulisononeka. Lakini mmoja wa waliokuja badala yake alikuwa Bryan Reynolds, ambaye hadi leo ni mpigaji wetu wa kutegemewa na ambaye mwaka 2023 alisaini mkataba wa miaka 8 wa dola milioni 106.75, mkubwa kuliko wowote katika historia ya klabu hadi wakati huo. Hiyo ilikuwa biashara nzuri. Siku chache kabla yake, hata hivyo, Gerrit Cole alipelekwa Houston kwa wachezaji wanne, na leo hata mmoja wao hayupo Pittsburgh, wakati Cole mwenyewe alikuja kuchukua Cy Young akiwa na Yankees wa New York mwaka 2023. Kisha Julai mwaka huo huo wa 2018, kwa pupa ya kutaka kuonekana tunashindana, tukawapa Tampa Bay vijana watatu, Tyler Glasnow, Austin Meadows na Shane Baz, ili tumpate Chris Archer, mrushaji ambaye ubora wake ulikuwa umeanza kushuka. Miaka miwili baadaye Glasnow ndiye aliyeanza mchezo wa kwanza wa fainali ya World Series akiwa na jezi ya Tampa Bay. Archer, baada ya msimu huo huo, hatukuongeza mkataba wake.

Wanaotaka Skenes aondoke wanatuomba tuirudie biashara ya Cole, tena kwa mchezaji aliye bora kuliko Cole wa wakati ule. Haraka hiyo siielewi. Kwa kanuni za ligi Skenes hawezi kuwa mchezaji huru kabla ya msimu wa 2029 kumalizika, kwa hiyo timu inaye kwa misimu minne mingine, na mwaka huu alilipwa dola 875,000 tu, fedha ndogo mno kwa kiwango chake. Besiboli ya Marekani haina ukomo wa jumla ya mishahara, na najua matajiri wa Los Angeles na New York watatuzidi kila mwaka. Lakini kama mrushaji bora wa ligi anakugharimu kiasi hicho, kisingizio cha umaskini kinakosa pa kusimama, kwa sababu fedha iliyookolewa kwake ndiyo iliyopaswa kununua mpigaji.

Njia ipo. Tuna warushaji chipukizi wengi. Bubba Chandler amepanda ligi kuu Agosti iliyopita, na Jared Jones, aliyeukosa msimu mzima wa 2025 kwa jeraha la kiwiko, anatarajiwa kurudi. Mmoja au wawili kati ya warushaji hao chipukizi, si Skenes, wangeweza kubadilishwa kwa mpigaji mzoefu ambaye ameshathibitisha kazi yake katika ligi kuu. Nyuma yao anakuja Konnor Griffin, mwenye miaka 19, ambaye mwaka huu katika ligi ndogo alipiga homurani 21 na kuiba bezi, yaani kuwahi kituo kinachofuata bila mpira kupigwa, mara 65. Kijana huyo asiguswe, wala asiharakishwe.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na sisi wa Coastal Union, ambao mara ya mwisho tulikuwa mabingwa mwaka 1988, hatuhitaji kufundishwa kusubiri. Pirates walichukua ubingwa mara ya mwisho mwaka 1979. Kuanzia 1993 hadi 2012 walipoteza michezo mingi kuliko waliyoshinda kwa misimu 20 mfululizo. Wakaingia mtoano 2013, 2014 na 2015, na tangu hapo hawajarudi. Hata hivyo hii ndiyo klabu ya Roberto Clemente, aliyekufa kwa ajali ya ndege mkesha wa mwaka mpya wa 1973 akipeleka msaada kwa waathirika wa tetemeko la Nicaragua. Ndiyo timu ambayo tarehe 1 Septemba 1971 ilipanga kikosi cha wachezaji 9 wote wakiwa weusi na Walatino, kwa mara ya kwanza katika ligi kuu. Na ndiyo iliyompa nafasi Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, tarehe 26 Aprili 2017, akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza katika ligi hiyo, naye akaupiga mpira na kufika bezini katika nafasi yake ya kwanza kabisa. Usiku ule nilisimama sebuleni nikapiga makofi peke yangu, na sitaisahau timu iliyonipa siku ile.

Mwezi ujao viongozi wa timu zote watakutana Orlando kwa mkutano wao wa majira ya baridi. Wa kwetu warudi na mpigaji mmoja wa maana, na Skenes awe bado na jezi yake.

Wako,
Shabiki wa Pirates,
Pittsburgh, Pennsylvania