Mheshimiwa Waziri, turuhusu kuileta mitandao kwenye somo la uraia

Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Mimi ni mwalimu wa somo la uraia katika shule ya sekondari. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linawagusa walimu wengi, na pia kwa sababu barua niliyoipitisha kwa njia ya kawaida ilirudi mezani kwangu ikiwa na maneno mawili ya wino mwekundu: "Siasa. Usijaribu."

Nilichokuwa nimeomba ni kipindi kimoja kwa wiki cha kuchambua darasani yale ambayo wanafunzi wanayasoma mitandaoni kuhusu bunge, mahakama, polisi na uchaguzi. Naomba nikueleze wazo hili lilikotoka.

Siku moja nilikuwa nafundisha hatua za kutunga sheria. Muswada umeshasomwa mara ya kwanza, tunauingiza kwenye kamati, msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona ile sheria mpya imepita jana na leo imeshaanza kutumika?" Alikuwa ameiona kwenye grupu la familia: karatasi yenye nembo na muhuri, ikitangaza kwamba msimamizi wa grupu lolote atawajibika kwa kila ujumbe unaotumwa humo. Nikamjibu kama walimu wengi tungejibu: achana na mambo ya mitandaoni, turudi kwenye somo. Nimegeukia ubao, chaki mkononi, ndipo nikagundua kwamba somo nililokuwa nalirudia ndilo hilohilo aliloliuliza, na yeye ndiye pekee aliyekuwa ameliuliza kwa kutaka kujua.

Kesho yake niliichapa ile karatasi, nikagawa nakala moja kwa kila watoto wanne. Simu haikuingia darasani hata moja. Nikawaambia: nionyesheni kama hii ni sheria.

Mheshimiwa, nimefundisha hatua za kutunga sheria kwa miaka mingi na sijawahi kuona darasa likizikimbilia namna ile. Kijana mmoja ambaye huwa hasemi kitu alitangulia: "Haina namba." Sheria ina namba na mwaka, na hii haikuwa na chochote. Mwingine akatazama sahihi. Imesainiwa na mkurugenzi wa mawasiliano. Tangu lini mkurugenzi akatunga sheria? Kundi la dirishani likanasa jambo ambalo mimi mwenyewe sikuliona: karatasi inasema "ukituma utakamatwa", na sheria haimsemeshi mtu kwa "wewe", inasema "mtu yeyote atakayetuma". Hiyo ni hoja ya mwanasheria, na aliyeitoa bado anasahau kuleta daftari.

Kisha tukaongea kuhusu vimshale viwili vidogo vinavyotokea juu ya ujumbe wa WhatsApp. Wengi wanaviona kila siku bila kujua vinasema nini. Vinasema kwamba ujumbe umepita mikono mingi, umefowadiwa mara tano au zaidi kabla ya kukufikia, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo unaweza kuusambaza kwa mtu au grupu moja tu kwa wakati mmoja. Maana yake ni kwamba wenye mtandao wenyewe wameshaingiwa na shaka kuhusu kasi ya jumbe za aina hiyo, wakaweka breki. Sisi shuleni bado hatujamwambia mtoto kwamba breki hiyo ipo.

Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa mwaka 2017, wa Sam Wineburg na Sarah McGrew, ambao huwa naukumbuka. Waliwapa kurasa za intaneti wanahistoria wenye shahada za uzamivu, wanafunzi wa chuo hicho, na watu ambao kazi yao ni kuhakiki habari. Wanahistoria na wanafunzi walibaki kwenye ukurasa, wakausoma juu hadi chini, wakavutwa na nembo nzuri na majina ya kitaasisi. Wahakiki walitoka haraka, wakafungua kurasa nyingine kutafuta wengine wanasema nini kuhusu huyo mwenye ukurasa, ndipo wakarudi. Darasani kwangu tuliiga hivyo bila mtandao: wao wanauliza swali la kutafuta, mimi najibu kile nilichokuwa nimekipata usiku uliotangulia. Kwa dakika arobaini nilikuwa mimi ndiye intaneti, na wakaninyima pumzi.

Upande wa sheria ndio utajiri wenyewe, na ndio unaonifanya nisikubaliane na wanaosema mitandao itumike tu kutuma notisi na kazi za nyumbani. Chukua kesi ya India. Mwaka 2012 msichana mmoja alihoji kwenye Facebook kwa nini shughuli za Mumbai zisimame kwa sababu ya kifo cha mwanasiasa. Mwenzake akalaiki. Wakakamatwa wote wawili. Mwanafunzi wa sheria, Shreya Singhal, akaenda Mahakama ya Juu kupinga kifungu cha 66A kilichokuwa kinatumika kuwakamata watu kwa maandishi ya mtandaoni, na Machi 2015 mahakama ikakifuta kwa sababu maneno yake yalikuwa mapana mno na kinabana uhuru wa kujieleza. Waulize vijana wa kidato cha tatu kama kulaiki ni kusema. Kengele italia hawajamaliza. Halafu waambie kwamba mwaka 2021 mahakama hiyohiyo ilielezwa kuwa polisi bado walikuwa wanafungua mashtaka kwa kifungu kilichofutwa miaka sita nyuma. Hapo utawaona wakitulia, kwa sababu wameelewa kwamba hukumu ni jambo moja, na habari ya hukumu kufika kituoni ni safari nyingine.

Au chukua ya Pennsylvania, Marekani. Mwaka 2017 mwanafunzi mmoja alikosa nafasi kwenye timu kuu ya washangiliaji ya shule yake. Jumamosi, akiwa nje ya shule, akaweka Snapchat picha yenye matusi kwa shule na timu. Picha za namna hiyo hujifuta zenyewe baada ya saa 24, lakini mtu akaipiga skrinshoti, ikamfikia kocha, binti akasimamishwa timu mwaka mzima. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilimpa ushindi kwa majaji wanane dhidi ya mmoja, bila kuzifunga shule mikono kabisa: vitisho na uonevu mkali bado zinaweza kuvishughulikia hata vikitokea nje ya geti. Darasa langu liligawanyika katikati. Waliomtetea kwa sauti kubwa zaidi walikuwa ni haohao ambao wiki iliyotangulia walitaka mwenzao afukuzwe kwa alichokiandika kwenye grupu la darasa. Sikuwasuta. Walisutana wenyewe.

Sasa hofu ya mkuu wangu wa shule, ile ya wino mwekundu, ambayo siidharau. Mwalimu akileta posti ya mwanasiasa darasani, kesho ataambiwa anapiga kampeni. Hili ni kweli, na ndilo linalotunyamazisha wengi. Dawa yake ni kutuwekea kanuni iliyoandikwa: posti ichaguliwe mapema na kuchapwa, ikigusa chama kimoja iende na ya chama kingine, mwalimu asitangaze kura yake, na alama zitolewe kwa ubora wa ushahidi, kamwe zisitolewe kwa upande ambao mtoto ameuchagua. Kwa sasa hakuna kanuni, kwa hiyo kila mwalimu anajilinda kwa kukaa kimya, na wanafunzi wanafundishwa siasa na yeyote mwenye kamera na sauti kubwa.

Wapo watakaosema suluhisho ni kuwafungia watoto mitandao. Australia tangu Desemba 2025 imezuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa. Sipingi nchi kulinda watoto wake. Ila hata huko, siku kijana anapotimiza miaka 16 mlango unafunguka wote kwa mpigo, na miaka miwili baadaye anapiga kura. Mtu lazima awe amemfundisha kuogelea kabla.

Kuhusu akaunti za wanafunzi nitasema kwa ufupi: shule isimlazimishe mtoto yeyote kufungua. Mitandao mingi yenyewe inataka miaka 13, na asiye na simu hapaswi kukosa alama. Karatasi iliyochapwa inatosha. Majina na nyuso za watu wa kawaida zifichwe kabla ya nakala kugawiwa.

Ombi langu, basi, ni waraka wa ukurasa mmoja kutoka ofisini kwako. Useme kwamba mwalimu wa uraia anaruhusiwa kutumia maandishi ya mitandaoni kama nyenzo ya kufundishia siasa na sheria. Utaje zile kanuni nilizozieleza, au nyingine bora zaidi. Na useme kwamba mwalimu aliyezifuata hataadhibiwa kwa sababu mzazi au kiongozi fulani hakupenda mfano uliotumika. Hicho cha mwisho ndicho chenye uzito. Mafunzo, vitabu na vifaa vinaweza kusubiri bajeti. Sentensi moja ya ulinzi haina gharama.

Nimalizie na yule msichana wa dawati la nyuma. Tulipokwisha kuthibitisha kwamba ile karatasi ni ya uongo, alinyoosha mkono tena.

"Mwalimu, aliyeituma kwenye grupu ni mjomba. Nitamwambiaje?"

Hilo halimo kwenye muhtasari wa somo. Dakika zote zilizobaki tulizitumia kuandika ubaoni ujumbe wa kumjibu mjomba: tukafuta, tukalainisha, tukaongeza salamu, tukaondoa neno "uongo", tukaweka "nimeona haina namba, mjomba, wewe umeipata wapi?" Alienda nao nyumbani. Mjomba aliifuta ile karatasi jioni hiyohiyo, akasema alikuwa anaijaribu familia.

Nasubiri waraka, Mheshimiwa.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa uraia