Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Uuguzi na Ukunga

YAH: TUZO YA UTAFITI WA WANAFUNZI KATIKA INFOMATIKI YA UUGUZI

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salaam. Mimi ni mwalimu wa uuguzi na msimamizi wa tafiti za wanafunzi. Naiomba ofisi yako ianzishe tuzo ya kila mwaka kwa utafiti bora wa wanafunzi katika infomatiki ya uuguzi, yaani fani inayochunguza jinsi taarifa za mgonjwa zinavyokusanywa, zinavyoandikwa na zinavyomfikia anayezihitaji, iwe kwa karatasi au kwa kompyuta. Naomba pia vigezo vyake visiwe vile tulivyovizoea.

Nieleze kwanza kazi ninayoizungumzia. Mwanafunzi anakaa wodini zamu nzima na daftari lake. Saa nne asubuhi muuguzi anampima mgonjwa presha, anapata 158 kwa 96. Kompyuta ya wodi ni moja na ina mtu, basi anaiandika namba hiyo kwenye kipande cha plasta alichokibandika kwenye sare. Anaitwa kitanda kingine. Baadaye anainakili kwenye chati. Saa saba na nusu, akijiandaa kukabidhi zamu, anaingiza vipimo vya wagonjwa wote kwa mkupuo. Kwa mujibu wa mfumo, presha ile imepimwa saa saba na nusu. Programu ya tahadhari inayosoma kumbukumbu hizo imechelewa saa tatu na nusu, na anayetazama skrini hana namna ya kujua, maana namba yenyewe ni sahihi.

Aliyetengeneza programu hayaoni haya, wala mkaguzi anayepitia ripoti za mwezi. Mwanafunzi wa uuguzi anayaona, kwa sababu bado anayashangaa mambo ambayo sisi wakongwe tumeshayazoea. Kisha tasnifu yake inasahihishwa, inajalidiwa na kuwekwa rafuni. Linaniuma sana hili.

Fani hii haikuja na kompyuta. Mwaka 1858 Florence Nightingale alitumia michoro ya takwimu kuonyesha kwamba askari wengi wa Uingereza katika vita vya Crimea waliuawa na magonjwa yanayozuilika, si majeraha. Miaka ya 1980, huko Marekani, Harriet Werley na wenzake walipigania data za msingi za uuguzi ziandikwe kwa namna moja kila mahali, ili kazi ya muuguzi isipotee kwenye takwimu za hospitali.

Lakini mfano ninaokuomba uutafakari zaidi ni wa karibuni. Mwaka 2013 Sarah Collins na wenzake, huko huko Marekani, walichapisha utafiti uliohusisha namna wauguzi wanavyoandika kumbukumbu na vifo vya wagonjwa. Wazo lao linaeleweka kwa yeyote aliyewahi kufanya zamu: muuguzi akiwa na wasiwasi na mgonjwa, anampima mara nyingi kuliko ilivyoagizwa na kuongeza maelezo pembeni, hata kabla vipimo havijabadilika. Wasiwasi huo unaacha alama kwenye kumbukumbu. Wazo hilo lilikuzwa hadi ukapatikana mfumo wa tahadhari uitwao CONCERN, na matokeo ya majaribio yake yalichapishwa mwaka 2025: katika wodi zilizoutumia, hatari ya mgonjwa kufariki ilikuwa pungufu kwa zaidi ya theluthi moja ikilinganishwa na wodi zisizoutumia. Kati ya machapisho hayo mawili ni miaka 12. Uchunguzi wa namna hiyo haufiki popote kama hakuna anayeushika mkono mapema, na hapo ndipo ofisi yako ina nguvu ambazo chuo hakina.

Kwa hiyo naomba majaji watazame kwanza tatizo, ndipo watazame chombo. Nimeshuhudia programu ya simu yenye rangi nzuri ikipewa ushindi bila mtu kuuliza ni muuguzi gani ataifungua saa nane usiku akiwa na wodi iliyojaa. Mwanafunzi aliyethibitisha kwamba fomu moja kati ya tatu haina kazi, ikaondolewa, amewasaidia wauguzi kuliko huyo aliyetengeneza programu ya simu. Vilevile aliyeujaribu mfumo kwa uaminifu na kukuta hausaidii astahili tuzo sawa na aliyekuta unasaidia. Tukiwatuza wenye matokeo ya kufurahisha tu, tutawafundisha vijana kuyapamba. Kazi iliyotumia data za wagonjwa bila kibali cha maadili isipokelewe kabisa, hata iwe nzuri namna gani. Na miongoni mwa majaji wawepo wauguzi wanaofanya zamu hadi leo.

(Jina la mshindi liwe la mwanafunzi. Sisi wasimamizi tumezoea kujitanguliza kwenye makala za wanafunzi wetu, na hapa tusipewe nafasi hiyo.)

Kuhusu zawadi, cheti na picha ya pamoja havitoshi. Mshindi apewe wodi moja iliyokubali kumpokea, miezi sita, mtu wa TEHAMA wa kumsaidia, na ruhusa yako ya maandishi ya kulijaribu pendekezo lake. Gharama yake si kubwa, kwani sehemu kubwa ya kinachohitajika ni ruhusa na muda.

Tuzo itolewe Siku ya Wauguzi Duniani, 12 Mei, ila tangazo litoke mapema, kabla wanafunzi hawajawasilisha mapendekezo ya utafiti, ili waijue wakiwa bado wanachagua mada. Niko tayari kuandaa rasimu ya vigezo pamoja na walimu wenzangu na wauguzi viongozi wa wodi, na kuileta ofisini kwako siku utakayotupangia.

Wako katika huduma,

Mwalimu wa uuguzi na msimamizi wa tafiti za wanafunzi