Mwambie Mama asimuuze ng'ombe

Leipzig, mwishoni mwa Oktoba

Kassim ndugu yangu,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, baridi tu. Mzee hajambo? Mguu wake je? Niwie radhi kwa ukimya, wiki tatu si mchezo, lakini leo nimebanwa. Sikupigii kwa sababu simu yako ukiipokea pale barazani inakuwa ya baraza zima, na Shafii ana masikio mawili na midomo saba.

Jana Mama kanitumia ujumbe wa sauti, dakika sita, nusu yake analia. Kasikia naokota chupa mitaani Ulaya. Anasema Jumamosi anakuja mtu wa Muheza kumtazama ng'ombe. Kassim, nenda. Leo ukitoka shuleni usipitie kwenye kahawa, nyoosha moja kwa moja kwa Mama, Barabara ya 12. Ng'ombe asiuzwe. Kiwanja cha Pongwe kishakwenda. Akienda na ng'ombe, Zainabu atalipiwa ada na nini?

Habari ya chupa ni hivi. Huku ukinunua soda, chupa ya plastiki unailipia senti 25 juu ya bei, na ukiirudisha unapewa zako. Dukani kuna mashine ukutani yenye tundu la duara. Unaitia chupa, inaizungusha polepole kama bibi anayekagua nazi sokoni, ikiridhika inaimeza. Ukimaliza unabonyeza, inakutolea karatasi, unaipeleka kwa keshia. Jikoni kwetu wapangaji waliohama waliacha lundo. Nikabeba 22, nikapata euro 5 na senti 50: mkate, mayai, vitunguu, na chenji. Watu wote hurudisha, hata wenye magari. Ila mimi mjinga nilijipiga picha na furushi begani, nikamtumia Shafii kwa mzaha. Mzaha! Haya, navuna.

Sasa ukweli, na huu Mama usimpe wote. Hela ninayo, ila siifikii.

Unaikumbuka ile akaunti niliyotakiwa kuijaza ili nipewe viza, euro 11,904, hela ya mjomba wa Maskati na ya kiwanja? Haitolewi kwa mkupuo. Inateremka euro 992 kila mwezi, na inateremkia kwenye akaunti ya benki ya huku tu. Nikaenda benki. Wakataka karatasi ya kuonyesha nimejiandikisha kuwa mkazi wa jiji. Karatasi hiyo inatoka ofisi ya jiji, na ofisi inataka kwanza barua ya mwenye nyumba kwamba kweli nalala kwake. Barua nikaipata. Ofisini nikaambiwa huingii bila miadi, lakini mama mmoja wa mapokezi akanihurumia, akasema njoo kesho, «halb neun». Nikafurahi kwanza kwa kuwa nimemwelewa! Nusu, tisa. Tisa yao ndiyo saa tatu yetu. Kwa hiyo saa tatu na nusu. Nikavaa lile koti la marehemu Babu, nikafika saa tatu na dakika ishirini, naona nimewahi, nimekaa kama bwana harusi.

Kumbe «halb neun» ni saa mbili na nusu. Nusu hawaihesabii saa iliyopita, wanaipa inayokuja, ambayo hata haijafika. Nani anafanya hivyo? Tulifundishwa kule kwenye kozi Dar, nadhani ndiyo siku niliyosinzia. Yule mama alinionyesha saa ya ukutani, akaitikisa kalamu yake, basi. Siwalaumu. Miadi mpya ni tarehe 6 mwezi ujao, na katikati hapo tarehe 31 ni sikukuu katika jimbo hili. Nimebaki na euro 63 mfukoni.

Nilitoka pale, mbele ya kituo cha tramu kuna kibao cha kuonya madereva, kimeandikwa «Schule». Nikacheka peke yangu mpaka mzee mmoja akanigeukia. Unakumbuka mwalimu wetu wa historia: neno «shule» wametuachia Wajerumani, na «hela» ni ile sarafu yao ya Heller waliyotuletea 1904. Sasa nimewafuata kwao, shule wamenipa, hela imekwama.

Lakini njaa silali nayo, hilo Mama aambiwe kwa kiapo. Jumapili maduka yanafungwa, mji kimya kama umefiwa. Jumapili ya kwanza nilikula visheti vya Mama hadi chini ya mkebe. Ya pili nikasema liwalo na liwe, nikafungua zile dagaa. Nilikuwa nimezificha kabatini ndani ya mifuko mitatu, naogopa jiko la watu wengi. Nikafunga mlango, nikafungua dirisha, nikakaanga na kitunguu na pilipili. Dakika tano mlango ukagongwa. Nikajua ndiyo nafukuzwa. Ni kijana wa Kivietinamu wa chumba cha mwisho, kashika bakuli la wali mkononi, hasemi kitu, anaitazama sufuria. Tukala. Mama yake huko kwao hukausha samaki wadogo hivyo hivyo. Siku hizi wali wake, dagaa zangu, ila dagaa nazo zinakwisha, na yeye mkono wake mwepesi kuchota.

Kwa hiyo Mama mwambie: kijana anakula wali na samaki. Si uongo. Mwambie hela ipo benki, inangoja karatasi. Ya «halb neun» usimwambie, atasema ndiyo yale yale, tangu madrasa nilikuwa nachelewa. Na Shafii mwambie... hapana, usimwambie kitu. Nitamwambia mwenyewe siku nikirudi.

Mtu wa Muheza ametoa bei gani? Au Mama kashapewa kishika uchumba? Ng'ombe mwenyewe keshazaa, au bado? Zainabu kafanya mtihani? Timu yetu ya Coastal wanaendeleaje, maana huku hata nikiuliza hakuna wa kunijibu? Na yule binti wa Chumbageni, ulikwenda au bado unapiga pasi shati?

Nijibu kabla ya Jumamosi, tafadhali. Juzi huku wamerudisha saa nyuma, sasa mmetutangulia saa mbili badala ya moja. Ukitaka kupiga, piga saa tatu kamili usiku. Ya huko. Kamili, bila nusu yoyote.

Wako,
Hamza