Mzazi usiishie mlangoni, ingia uone mwanao analala wapi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi wa Mombasa wanaotuachia watoto asubuhi, na pia na wenzangu tunaolea watoto wa watu manyumbani. Hizi deikea za nyumbani zimekuwa nyingi, ukitoka hapa Mikindani uende Magongo, uvuke Likoni, ufike mpaka Mishomoroni, kila mtaa kuna mama ana watoto watano sita chumbani, mama zao wako viwanda vya EPZ, wako Kongowea sokoni, wako hoteli za Bamburi, maana likizo ya uzazi kisheria ni miezi 3 na ikiisha ni urudi kazini ama kazi apewe mwingine. Kwa hivyo tusibishane kama deikea ziwepo ama zisiwepo, zipo na watoto wako ndani.

Kinachoniuma ni hiki. Mzazi anafika saa kumi na mbili asubuhi, mtoto anamkabidhi mlangoni, mkoba wa daipa mlangoni, huyoo mbio kwa matatu. Jioni vilevile. Kuna wazazi mwaka mzima waleta mtoto na hawajui mwana wao analazwa wapi, maji yanawekwa wapi, nani mwengine anaingia humo ndani. Ingia dada, ingia kaka. Dakika tano zatosha, na mlezi anayekukataza kuingia usimwachie mtoto, hata awe anachukua pesa kidogo vipi.

Ukiingia tazama maji kwanza. Sote twajua maji ya mfereji hapa Mombasa yaja siku yatakayo, ndio kila nyumba ina dramu, mitungi, ndoo na mabeseni yamejaa. Sasa mtoto anayetambaa ama ndio anaanza kusimama dede, kichwa ndicho kizito, akiinama kwenye ndoo akaingia kichwa hawezi kujitoa, na maji ya vidole vitatu tu yanamtosha kuzama, tena hapigi kelele wala huskii chochote, uko hapo jikoni wapika uji na mtoto anakufa nyuma yako. Kifuniko kiwe cha kukaza, si sufuria iliyoekwa juu, na maji ya kufulia yamwagwe pale pale ukimaliza. Jiko la makaa nalo lisikae chumba wanacholala watoto, hata makaa yakiwa yameshika vizuri na hakuna moshi, ile hewa yake haionekani na haina harufu na inaua.

Halafu uliza analala vipi. Mtoto mchanga alazwe chali, si kifudifudi, mahali palipo sawa na pasipobonyea, bila mto, bila leso nzito karibu na uso. Najua mabibi zetu wengi wanasema akilala kifudifudi ndio analala fofofo na gesi inatoka, na mabibi zetu twawaheshimu, lakini hili limechunguzwa sana. Marekani walipoanza kampeni ya kuwaambia wazazi wawalaze watoto chali mwaka 1994, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua karibu nusu baada ya miaka michache. Hakuna dawa iliyonunuliwa hapo, ni kumgeuza mtoto tu.

Kuhusu dawa nitasema wazi hata kama wenzangu watanuna. Wapo wanaowapa watoto sirapu ya mafua, ile inayoleta usingizi, ili walale mpaka saa tisa. Hiyo si malezi, dawa kama hiyo yaweza kumpunguzia mtoto mdogo pumzi. Mzazi, mwanao akirudi kila jioni amelegea, hachezi, hataki kula, macho mazito, usifurahi kwamba umepata mtoto mtulivu, uliza, na ukiona jibu halieleweki mpeleke hospitali wamtazame. Na wewe mlezi unayeshindwa na kelele za watoto kumi, punguza watoto. Mtoto analia kwa sababu, ana njaa, daipa imejaa, joto limemzidi, ama anataka kubebwa tu, basi.

Lakini na wazazi nao jamani. Mtoto amekesha na homa, alfajiri anapewa dawa ya homa ili afike kwangu mwili ukiwa baridi nisimkatae, na mimi siambiwi. Saa nne homa imerudi. Sijui alipewa nini, kiasi gani, saa ngapi, nikimpa nyingine huenda nikamzidishia dozi, nikinyamaza homa yapanda. Nikipiga namba yako, imezimwa, kazini hawaruhusu simu. Niambie ukweli mlangoni, niandikie hata kwa karatasi jina la dawa na saa uliyompa, niachie na namba ya mtu wa pili anayeshika simu. Kijitabu cha kliniki nacho nataka nikione, si umbea. Chanjo ya surua ni miezi 9 na tena miezi 18, na hiyo ya pili wengi huisahau kwa sababu mtoto ashaanza kukimbia na kliniki haendi tena, na watoto wakiwa chumba kimoja surua ikimwingia mmoja haichagui.

Chakula sitasema mengi. Chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake, hata maji la, hata na hili joto letu, maziwa yana maji ya kumtosha. Waajiri nao sheria ya afya ya mwaka 2017 inawataka wawe na mahali pa mama kukamua ama kunyonyesha, ulizeni kazini kwenu. Yale masaa 4 tunayoambiwa maziwa yaliyokamuliwa yanakaa nje ni ya chumba cha digrii 25, na nyumba ya mabati hapa mwezi wa Februari na Machi inapita 30, kwa hivyo usiyategemee, yaje na barafu ama niyatie kwa friji nikiwa nayo.

Linalonitisha zaidi ni kukabwa. Karanga, peremende, na haya mabuyu yetu tunayoyapenda, kokwa moja yatosha kuziba koo la mtoto mdogo. Mabuyu yasiingie kwenye mkoba wa mtoto, hata kama dada yake mkubwa anakula. Na kila anayelea mtoto ajue hii: mtoto wa chini ya mwaka akikabwa na hawezi kulia wala kukohoa, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kiwe chini kuliko kifua, umemshika taya, umpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5. Hakijatoka, mgeuze chali, kichwa bado chini, umbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5. Rudia, na mtu mwengine awe ashakimbia kutafuta tuktuk. Usitie kidole kooni kutafuta kitu usichokiona, utakisukuma ndani zaidi.

Anayejua nyumba ambayo watoto wanapigwa ama wanafungiwa apige 116, simu ni bure mchana na usiku.

Ombi langu kwa kaunti ni dogo. Wale wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba na mikoba yao waambiwe wazipitie na deikea hizi, waje kama walimu, si kama askari wa kutufungia, manake ukifunga leo huyo mama atahamia uchochoro wa nyuma na watoto walewale, mlango umefungwa na hakuna anayejua. Watufundishe kwa vitendo, kwa mdoli, la mtoto aliyekabwa na la mtoto aliyezama, iwe zahanati ya mtaani, na iwe Jumapili, maana Jumamosi wengi bado tuna watoto mpaka jioni.

Mlezi wa watoto,
Mikindani, Mombasa