Risala ya Wazazi, Walimu na Wanafunzi kwa Mgeni Rasmi: Mita 15 Mbele ya Lango la Shule

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti na wajumbe wa kamati ya shule,
Mwalimu Mkuu na walimu wote,
Viongozi wa mtaa,
Madereva mlioitikia mwaliko wetu,
Wazazi, walezi na wanafunzi wapendwa,

Kwa niaba ya kikundi cha usalama barabarani cha shule hii, tunakusalimu na kukukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua shughuli zako ni nyingi. Kukubali kwako kuja kutusikiliza kuhusu barabara moja ya mtaa mmoja ni heshima kubwa kwetu, nasi tunakushukuru kwa dhati.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi hiki hakikuzaliwa kwenye mkutano. Kilizaliwa barabarani. Jioni moja, wakati wa kutoka shule, mwanafunzi wa darasa la tatu alisimama kwenye kivuko cha pundamilia kilichopo mbele ya lango letu. Dereva mmoja akasimamisha gari, kama sheria inavyomtaka. Akamnyooshea mkono: pita, mwanangu. Mtoto akapita. Alipomaliza kupita mbele ya gari lile, gari jingine lililokuwa nyuma likachomoka ili kulipita lile lililosimama. Dereva wake hakumwona mtoto, na mtoto hakuliona gari, kwa kuwa lile la kwanza lilikuwa katikati yao. Paja lilivunjika mara mbili. Mtoto alikosa masomo mihula miwili. Leo yupo hapa, amekaa mstari wa mbele, na amekuja kwa miguu yake mwenyewe. Tunamshukuru Mungu.

Wiki iliyofuata, yule dereva aliyesimama alikuja shuleni. Hakuwa na kosa lolote. Alikaa ofisini, akanyoosha mkono wake wa kulia vilevile alivyounyoosha siku ile, akasema, "Ni mimi niliyemwambia apite." Akaurudisha mkono magotini. Baada ya muda akaunyoosha tena, bila kusema kitu. Mwalimu aliyekuwa ofisini alitusimulia huku akilia. Dereva huyo ndiye mwanachama wa kwanza wa kikundi hiki, na leo amekaa pamoja nasi.

Tumekisimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu karibu wote waliokuwapo pale walifanya walichofundishwa. Mtoto alisubiri kwenye mistari. Dereva wa kwanza alisimama. Na bado mtoto aligongwa. Watu wema waliokuja kutupa pole walituambia, "Ajali haina kinga." Methali hiyo tunaiheshimu, maana imewafariji wengi waliofikwa. Hata neno lenyewe, ajali, limetoka kwenye Kiarabu, na asili yake ni muda aliopangiwa mtu kufikwa na mauti. Lakini kilichotokea langoni kwetu kina chanzo, na chanzo hicho kinapimika kwa kamba. Sisi tumekipima.

Jumamosi moja, wanafunzi wa darasa la saba na mwalimu wao wa hisabati walikata kamba ya mita 15, wakafunga kitambaa chekundu kwenye ncha moja. Wakailaza ukingoni mwa barabara, kitambaa kikiwa usawa wa kivuko na ncha ya pili ikielekea magari yanakotokea. Kisha wakarudi darasani kufanya hesabu. Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa hupita mita 8 na kidogo kila sekunde. Dereva aliye macho anahitaji kama sekunde moja kuiona hatari na kupeleka mguu kwenye breki. Lami ikiwa kavu na breki nzima, gari litamaliza mita nyingine 5 hivi ndipo lisimame. Jumla ni mita 13 au 14. Mtoto akitokea ghafla mita 15 mbele, gari linasimama kabla ya kitambaa chekundu.

Wakaifanya hesabu ileile kwa kilomita 50. Hapo gari hupita karibu mita 14 kila sekunde. Maana yake, mguu wa dereva unapoigusa breki, zimebaki mita moja tu kumfikia mtoto. Breki inaanza kushika mtoto akiwa tayari mbele ya boneti, na gari linamgonga likiwa na mwendo wake karibu wote. Lingesimama takriban mita 28 kutoka pale dereva alipomwona, yaani karibu urefu wa kamba mbili. Mwalimu anasema darasa lilikaa kimya, kisha mwanafunzi mmoja akauliza, "Kwa hiyo breki hazikumsaidia?" Hapana. Kwa mwendo ule na umbali ule, breki hazimsaidii mtoto hata kama dereva hajalewa, hajashika simu na gari lake ni jipya.

Nguvu ya pigo lenyewe nayo ina hesabu yake. Kugongwa na gari lililo kwenye kilomita 30 kwa saa ni kama kuanguka kutoka mita tatu na nusu. Kwenye kilomita 50 ni kama kuanguka kutoka mita 10, dirisha la ghorofa ya tatu. Hakuna mzazi hapa anayeweza kuacha dirisha la ghorofa ya tatu wazi chumbani mwa mtoto kisha aseme anamfundisha kuwa mwangalifu.

Na madereva wanapoteza nini wakipunguza mwendo? Kilomita moja nzima ya mtaa, kwa mwendo wa 50, huchukua sekunde 72. Kwa mwendo wa 30 huchukua dakika mbili. Tofauti ni sekunde 48. Tuliandika namba hiyo kwa chaki kubwa kwenye ubao wa matangazo, na haijafutwa mpaka leo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, jambo hili si la mtaa wetu peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 1.19 walipoteza maisha barabarani duniani kote, yaani zaidi ya watu 3,200 kila siku. Ajali za barabarani ndizo sababu kuu ya vifo vya watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29, kuliko ugonjwa wowote. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na walio juu ya pikipiki, watu wasiokuwa na bati la kuwakinga. Shirika hilohilo linaeleza kuwa mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4.

Kuna mazoea ya kuwalaumu watoto. Tunasikia kwamba wanacheza barabarani, wanavuka mbio, hawaangalii kulia na kushoto. Tunawafundisha, na tutaendelea kuwafundisha kila wiki. Ila mtoto mdogo hawezi kukadiria vizuri mwendo wa gari linalomjia. Macho na ubongo wake havijakomaa kwa kazi hiyo. Yeye analiona gari, lakini haoni kwamba linakuja kwa kasi. Tena kimo chake ni kifupi kiasi kwamba gari moja lililoegeshwa karibu na kivuko linamficha mwili mzima. Mtu mzima anayekaa nyuma ya usukani ndiye mwenye leseni, na waliojenga barabara ndio wenye uwezo wa kuamua gari lipite pale kwa mwendo gani.

Kwa upande huo dunia ina mifano ya kutia moyo. Uholanzi, nchi ambayo leo watoto wake wengi huenda shule kwa baiskeli, haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1971 pekee, zaidi ya watu 3,000 walikufa katika barabara zake, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi waliinuka. Waliandamana, wakafunga mitaa ili watoto wapate kucheza, na harakati yao ikabeba jina zito, Stop de Kindermoord, maana yake komesheni mauaji ya watoto. Walikuwa wazazi kama sisi, na mitaa ikabadilika. Sweden, bunge lao lilipitisha mwaka 1997 sera ya kutokubali kifo hata kimoja barabarani kuwa jambo la kawaida. Msingi wa sera hiyo ni kwamba binadamu hukosea, basi barabara ijengwe ili kosa la binadamu lisimtoe roho. Jiji la Oslo, Norway, lilipitisha mwaka mzima wa 2019 bila mwenda kwa miguu hata mmoja wala mwendesha baiskeli kuuawa na gari.

Na tusiambiwe kuwa hayo ni ya matajiri tu. Mradi wa SARSAI, unaosimamiwa na shirika la Amend, ulianzia kwenye shule za Dar es Salaam na kuenea katika nchi nyingine za Afrika. Kazi yake ni matuta, njia za miguu, alama, vivuko na vizuizi vidogo vya kuwatenga watoto na magari. Mwaka 2019 mradi huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya WRI, taasisi ya utafiti wa rasilimali za dunia, inayotolewa kwa kazi zilizobadilisha miji. Matuta na njia za miguu, Mheshimiwa. Ndivyo vilivyopewa tuzo.

Kwa hiyo tunaleta maombi yetu, na la kwanza ndilo lenye uzito kuliko yote. Tunaomba mwendo wa mwisho kwenye barabara hii, kutoka njia panda hadi mwisho wa makazi, uwe kilomita 30 kwa saa. Hatujalitunga sisi. Azimio la Stockholm la Februari 2020, la mkutano wa mawaziri wa dunia kuhusu usalama barabarani, lilitaka kiwango hicho kiwekwe mahali ambapo magari na watu hukutana mara kwa mara, na Umoja wa Mataifa umeutangaza muongo wa 2021 hadi 2030 kuwa wa kupunguza vifo na majeruhi wa barabarani kwa angalau nusu. Lakini tunaomba kibao kisije peke yake. Kibao cha zamani cha kilomita 50 kipo, na magari hukipita kama hakipo. Tunaomba kivuko chenyewe kiinuliwe kiwe tuta pana lenye mistari, ili gari lisiweze kufika pale bila kupunguza mwendo, dereva apende asipende. Tuta halipumziki wala haliendi likizo.

Tunaomba pia kizuizi chembamba katikati ya barabara, mita kadhaa kabla na baada ya kivuko, ili asiwepo tena wa kulipita gari lililosimama kupisha watoto. Kama kizuizi hicho kingekuwapo jioni ile, tusingekuwa na risala hii. Maegesho karibu na kivuko yapigwe marufuku kabisa, na taa iwekwe juu yake, maana wakati wa masika watoto wa madarasa ya juu hutoka giza likianza kuingia. Njia ya miguu irudishwe kwa waenda kwa miguu. Kwa sasa sehemu yake imegeuka maegesho na sehemu nyingine ni rundo la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo watoto wanashuka kwenye lami.

Sisi nasi hatukuja mikono mitupu. Wazazi tumekiri mbele ya kikao kwamba tulikuwa tunasimamisha magari na pikipiki zetu juu ya mistari ya kivuko ili tumshushe mtoto haraka. Tumeacha. Mzazi anayempakia mtoto kwenye pikipiki bila kofia ngumu anazuiwa langoni na wazazi wenzake, na tunazungumza naye hapohapo. Wengine walikasirika mwanzoni, lakini kofia zimeongezeka. Wazazi wanne huongoza watoto kuvuka kila asubuhi na kila jioni, kwa zamu. Vilevile tumeanzisha daftari. Kila mara gari linapomkosakosa mtoto, tunaandika tarehe, saa, mahali na kilichotokea. Hatuandiki namba za magari, kwa kuwa shida yetu si kumshitaki mtu. Tunataka kuonyesha mahali panapoumiza kabla hapajaumiza tena. Daftari hilo tutakukabidhi leo, na nakala tunabaki nayo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ratiba inaonyesha kwamba baada ya risala hii utapanda jukwaani kuzungumza nasi. Tunaomba mabadiliko madogo. Dakika chache zijazo watoto wa madarasa ya chini watapigiwa kengele ya kwenda nyumbani. Kivuko kiko hapo nje, hatua chache tu. Tunakuomba, kabla ya hotuba yako, uje usimame pamoja nasi ukingoni mwa barabara kwa dakika tano, uwaangalie wakivuka. Kamba yetu ya mita 15 ipo hapa mezani. Ncha moja ataishika yule dereva. Ncha yenye kitambaa chekundu ataishika mtoto wetu aliyekaa mstari wa mbele. Ameomba mwenyewe.

Naomba kuwasilisha.