Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: vichaka vya Aberdare vipimwe kabla ya kupandwa miti

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Kayole, siku ya nne mifereji ikiwa mikavu na mtungi wa lita 20 ukiuzwa kwa bei anayoitaka mwenye mkokoteni. Maji yetu mengi hapa Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, nalo hulishwa na mito ya Thika, Githika na Kayuyu inayoteremka kutoka Aberdare. Kwa hiyo vichaka vya mlimani vinanihusu, japo mimi ni mwalimu tu wa baiolojia wa Eastlands.

Ukipita mianzi, huko juu ya mita 3,000, miti mirefu hukoma na vichaka vya Erica hushika ardhi. Vina majani membamba kama sindano, matawi yamejaa ndevu za kijivu, na ukungu ukipita hunaswa humo ukadondoka udongoni tone kwa tone. Februari 2022 moto uliteketeza sehemu ya nyika hiyo. Nilipopanda baadaye nilikuta visiki vyeusi vikichipua, kwani Erica arborea huungua juu huku shina lake la chini likibaki hai. Katikati ya machipukizi, kikundi fulani kilikuwa kimechimba mashimo ya miche. Machipukizi mengine yalikuwa yamefyekwa ili miche ipate nafasi. Iliniuma sana.

Nia yao ilikuwa njema. Tangu Desemba 2022 taifa linakimbilia miti bilioni 15 ifikapo 2032. Lakini katika hesabu zetu, msitu ni miti inayofika mita 2 kwa urefu, na kivuli chake kifunike angalau asilimia 15 ya ardhi. Kichaka kinachonifika kiunoni hakimo, na kwa kuwa hakimo, mahali pake huitwa patupu.

Naomba vipimwe, Mheshimiwa. Kazi yenyewe haihitaji mitambo. Vigingi vya chuma vinapigiliwa, utepe wa mita 50 unavutwa kati yake, na kila mahali tawi linapokatiza utepe sentimita zake zinaandikwa, kila aina ya mmea peke yake. Erica wakifunika mita 18.5, hiyo ni asilimia 37. Muwati (wattle) na mimea mingine ya kigeni iandikwe kando, isichanganywe kamwe na ya asili. Picha za setilaiti huonyesha kijani, lakini bila mtu wa kuthibitisha pale chini ni vigumu kujua ni kijani cha nani. Kisha ukuaji: kwenye fremu chache, yaani miraba inayolazwa ardhini, machipukizi ya mwaka huu tu yanakatwa, yanakaushwa kwenye tanuri mpaka uzito usipungue tena, yanapimwa kwa gramu. Mwaka unaofuata, msimu uleule, vigingi vilevile, ila fremu zisogezwe kando kidogo, maana palipokatwa hapasemi kweli tena.

Wa kuifanya wapo. Vyama vya jamii vya misitu vinatambuliwa na sheria ya 2016, na vijana wake wanaijua milima hiyo kwa miguu. Mimea wasiyoitambua inaweza kulinganishwa na sampuli za hebaria, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, ya Makumbusho ya Taifa, hapa hapa mjini.

Hadi vipimo vya misimu miwili vipatikane, tafadhali amuru upandaji wa miti usimame katika eneo lote la vichaka vilivyoungua. Machipukizi niliyoyaona hayakuwa yamefika hata gotini.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa baiolojia, Kayole, Nairobi