Daftari la waumini lisiwe kipimo cha msaada

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nichangie mjadala unaoibuka kila baada ya janga: je, msikiti, kanisa au hekalu lina wajibu wa kuwasaidia watu wasio wa imani yake, au mali iliyochangwa na waumini ni haki ya waumini kwanza?

Niliwahi kujitolea kugawa misaada baada ya mafuriko, kwenye nyumba moja ya ibada ambayo sitaitaja kwa sababu nia yangu si kumwumbua mtu. Meza iliwekwa mlangoni, na juu yake palikuwa na daftari la waumini. Kila aliyefika aliulizwa jina, na lisipoonekana daftarini, aliulizwa ni nani pale anayemfahamu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, tope likiwa bado limemganda hadi magotini, hakuwa na wa kumtaja. Hakufukuzwa wala hakutukanwa. Aliombwa tu akae pembeni asubiri wenye majina wamalize, na ilipofika jioni akaambiwa mablanketi yamekwisha. Mimi ndiye niliyekuwa nikifungua marobota. Niliona yote hayo na sikusema neno.

Wanaotetea utaratibu wa namna ile wana hoja, na si haki kuwaita wachoyo. Fedha za waumini ni amana, na aliyetoa kwa ajili ya wajane wa jumuiya yake ana haki ya kuona zimewafikia. Katika Uislamu, Suratut Tawba inataja makundi manane yanayostahili zaka, na wanazuoni walio wengi wanasema zaka ya lazima hupewa Waislamu, ingawa sadaka ya hiari yaweza kupewa mtu yeyote. Mtume Paulo naye, alipowaagiza Wagalatia wawatendee watu wote mema, aliongeza kwamba wafanye hivyo hasa kwa jamaa ya waaminio. Kwa hiyo anayesema watu wake watangulie hajalitunga jambo hilo kichwani mwake.

Hata hivyo, tofauti kati ya zaka na sadaka inatatua sehemu kubwa ya ugomvi huu, na nashangaa ni mara chache mno inatajwa. Mfuko wenye masharti ya kidini ubaki na masharti yake, uhesabiwe peke yake, na mfuko wa maafa ufunguliwe kando, kila anayechangia akijua tangu mwanzo kwamba utamfikia yeyote aliyeathirika. Matatizo huanza pale mifuko hii inapochanganywa, kisha masharti ya ule wa kwanza yakatumiwa kumnyima mtu kilichomo katika wa pili.

Na ukiyasoma maandiko yenyewe kwa utulivu, hayampi mwenye daftari nafasi kubwa anayoidhania. Suratul Insan inawasifu wanaolisha maskini, yatima na mfungwa bila kutaka malipo wala shukrani, na wapo wafasiri wa kale walioeleza kwamba mfungwa wa wakati ule alikuwa mshirikina aliyetekwa vitani, yaani adui wa jana. Katika Injili ya Luka, mwanasheria aliyeuliza jirani yake ni nani alikuwa akitafuta mpaka, ajue wajibu wake unakomea wapi. Alijibiwa kwa kisa ambacho kuhani na Mlawi wanapita kando, na anayesimama kufunga majeraha ni Msamaria, mtu wa jamii ambayo Wayahudi hawakuchangamana nayo. Tumekizoea kisa hiki mno, hata tunasahau kwamba ndani yake mtu wa nje ndiye anayetoa msaada. Anayeuliza kwa nini awasaidie wasio wake angejiuliza pia siku akiwa yeye ndiye aliyelala kando ya njia atapenda aulizwe nini.

Historia nayo ina ushahidi. Tauni ilipoukumba mji wa Carthage, Afrika Kaskazini, katikati ya karne ya 3, Askofu Cyprian aliwahimiza Wakristo wasiishie kuhudumiana wenyewe kwa wenyewe, ingawa walikuwa wametoka kuteswa na majirani wale wale. Karne moja baadaye Kaizari Julian wa Roma, aliyeuchukia Ukristo, alimwandikia kuhani wake mmoja akilalamika kwamba watu hao wanawalisha maskini wao na maskini wa wapagani pia. Sijui kama kuna sifa inayozidi ile inayotoka katika malalamiko ya mpinzani.

Mfano wa karibuni ulionigusa zaidi ni wa Kerala, nchini India, mwezi Agosti 2018. Mafuriko makubwa yaliangukia siku za Idi, na msikiti mmoja ukawa umejaa maji, ndipo hekalu la Kihindu la jirani likafungua ukumbi wake ili Waislamu wapate pa kusalia. Upande mwingine, vijana wa Kiislamu walikwenda kuzoa tope katika mahekalu yaliyokuwa yamefunikwa.

Kuna sababu nyingine isiyohusu maandiko wala huruma. Mafuriko yakijaza vyoo, kinyesi huingia visimani, na kipindupindu hufuata njia hiyo hiyo. Ukizipa nyumba kumi dawa ya kutibu maji na kuziruka kumi nyingine zinazochota kisima kimoja, hujazilinda hata zile kumi za mwanzo. Aidha, katika saa za kwanza, kabla magari ya serikali na mashirika hayajafika, nyumba ya ibada mara nyingi ndiyo yenye ukumbi mpana, jiko kubwa, tangi la maji na mtu mwenye funguo. Mwenye vitu hivyo hawezi kusema janga la mtaa halimhusu.

Hapo ndipo ninapotofautiana pia na baadhi ya wanaoniunga mkono. Wapo wanaotaka milango ifunguliwe kwa wote kwa sababu wanaona janga kuwa nafasi ya kuvuna waumini wapya. Mtu aliyepoteza nyumba usiku wa jana hana uhuru wa kukataa mahubiri yanayotangulia sahani ya chakula. Kanuni za maadili za mwaka 1994, zilizotungwa na vuguvugu la Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu pamoja na mashirika mengine, yakiwamo ya kidini kama Caritas na Baraza la Makanisa Ulimwenguni, zinasema wazi kwamba msaada hutolewa kwa kipimo cha shida peke yake na usitumiwe kueneza msimamo wa kisiasa au wa kidini. Haiti ilitufundisha ubaya wa kusahau hilo. Baada ya tetemeko la Januari 2010, kikundi cha wamishonari kutoka Marekani kilikamatwa kikijaribu kuvusha watoto 33 mpakani bila vibali, kikidai ni yatima, na baadaye ikabainika kwamba wengi wao wazazi wao walikuwa hai. Huenda walikuwa na nia njema. Watoto wangevushwa vile vile.

Ninachokiomba kwa viongozi wa dini ni kwamba waamue mapema, wakati hakuna janga, meza yao itauliza nini. Iulize nyumba ina watu wangapi, nani mgonjwa, nani mjamzito, nani ananyonyesha. Kamati ya ugawaji iwe na jirani mmoja au wawili wa imani nyingine, kwa sababu wao ndio wanaojua nyumba zisizo na mtu wa kuzitaja. Jikoni nako paangaliwe: Masingasinga katika mahekalu yao hupika chakula kisicho na nyama ili kila anayeketi aweze kula, na busara hiyo haihitaji mtu abadili dini kuiiga.

Wiki mbili baada ya siku ile niliyoisimulia, tulikuwa tukisafisha stoo ya nyumba ile ya ibada. Nyuma ya viti tulikuta mablanketi manne, yakiwa bado yamefungwa kamba. Kila moja lilikuwa na kikaratasi chenye jina la muumini aliyewekewa. Hakuna aliyekuja kuyachukua.

Msomaji wenu wa siku nyingi